Chaji Iliyoishia Njiani: Kisa cha Bodaboda Iliyomaliza Betri

Kuhusu kisa hiki

Ndani ya miezi mitatu kijana mmoja wa bodaboda alinunua betri mbili na regyuleta moja (kifaa kinachodhibiti chaji inayokwenda kwenye betri), na bado kila asubuhi pikipiki yake ilikuwa haiwaki kwa stata. Alipoileta kwangu nilimwongezea hasara ya siku mbili kabla sijaiona kasoro, ambayo ilikuwa imejificha kwenye kipande cha waya kisichozidi shubiri moja. Naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu, hasa wanaoanza kushika mita, na kwa madereva, maana wao ndio wanaolipia makosa yetu. Jina la dereva, mtaa, jina la pikipiki na maduka nimeyaondoa, na dereva mwenyewe ameridhia kisa chake kisimuliwe. Namba za mita ni zile nilizoziandika kwenye daftari langu la kazi.

Pikipiki na kazi yake

Ni pikipiki ya Kichina, cc 150, silinda moja, yenye umri wa miaka kama minne wakati huo. Betri yake ni ya volti 12, ampea-saa 7. Dereva alikuwa kwenye mkataba: analeta hesabu ya shilingi 8,000 kwa siku mpaka mkataba uishe, pikipiki iwe yake, na matengenezo yote yako juu yake. Siku pikipiki ikilala kwa fundi, hesabu hailali.

Mji wetu uko mwambao. Alfajiri kijana huyu alikuwa anabeba samaki kutoka diko kwenda sokoni, makreti mawili juu ya keria, barafu inayeyuka na maji ya chumvi yanachuruzika njia nzima. Mchana alibeba abiria hadi saa nne usiku.

Kabla sijaendelea, nieleze umeme wa pikipiki hii unavyosafiri, kwa sababu kosa langu lilitokana na kutokuitazama safari hiyo. Umeme unaanzia kwenye magneti. Sumaku inazunguka pamoja na injini, na koili zimetulia ndani yake. Kwenye koili hizo zinatoka nyaya mbili zinazotuhusu: mweupe wa chaji, na wa njano wa taa kubwa. Zote zinatoka kwenye koili zile zile, ila wa njano umechomolewa katikati na mweupe mwishoni. Zinaingia kwenye regyuleta yenye nyaya nne: mweupe, njano, nyekundu na kijani. Humo ndani nusu ya wimbi la AC (umeme unaogeuka mwelekeo) kutoka waya mweupe inageuzwa kuwa DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri) na kutoka kwa waya mwekundu. Wa kijani ni bodi, yaani chuma cha fremu na injini ambacho umeme unarudia.

Waya mwekundu hauendi betri moja kwa moja. Unaungana kwanza na waya mkuu unaolisha swichi, honi na indiketa, kisha unapita kwenye fyuzi, ndipo unafika kwenye kichwa chanya cha betri. Stata haipiti fyuzi hiyo. Inavuta moja kwa moja kwenye betri kupitia rilei yake, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Plagi nayo ina koili yake ndogo ya peke yake, kwa hiyo injini inawaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa kabisa. Hilo ndilo lililomwezesha kijana kuendelea kufanya kazi miezi mitatu akiwa na kasoro.

Kabla haijafika kwangu

Dalili ya kwanza ilikuwa stata kunguruma kichovu asubuhi, kisha kugonga tu "ta, ta, ta" bila kuzungusha. Indiketa zikawa zinawaka na kubaki hivyo hivyo bila kukonyeza. Fundi wa kwanza alitazama betri, akaona ni ya miaka mingi, akasema imechoka. Uamuzi huo siulaumu, maana betri ya miaka minne kwenye bodaboda imefanya kazi yake. Ikanunuliwa mpya kwa shilingi 35,000. Wiki moja stata ikawa nzuri. Wiki ya tano hali ikarudi ile ile.

Dukani akashauriwa abadilishe regyuleta, shilingi 12,000. Hakuna aliyepima kitu. Ilifungwa, hakuna kilichobadilika.

Fundi wa pili alikuwa na mita, na alipima. Alichokonoa kwenye soketi ya regyuleta, waya mwekundu na wa kijani, injini ikiwa imewashwa na resi imepigwa kidogo. Mita ikasoma volti 14 na kitu. Akatoa hukumu: chaji ipo, hiyo betri uliyouziwa ni feki. Ikanunuliwa ya pili, 35,000 nyingine. Kufikia hapo kijana alikuwa ametumia shilingi 82,000 kwa spea peke yake, zaidi ya hesabu ya siku kumi. Betri hiyo ilikuwa na wiki ya tatu alipokuja kwangu akiwa ameiwasha kwa kiki.

Siku ya kwanza: nilivyoihukumu koili

Nilianza vizuri. Niliizima, nikapima betri baada ya kukaa kidogo: 11.9. Betri yenye chaji kamili ikiwa imepumzika husoma 12.6 au zaidi, kwa hiyo hii ilikuwa karibu tupu. Nikapiga kiki, nikapima tena vichwani mwa betri: 12.0 injini ikinguruma taratibu, 12.2 nilipopiga resi. Pikipiki nzima ilipaswa kunipa kati ya 13.5 na 14.8 kwenye resi. Nikaandika daftarini: chaji haifiki kwenye betri. Sentensi hiyo ilikuwa kweli tupu, na kama ningelisoma neno "haifiki" nililoliandika mwenyewe ningeokoa siku mbili.

Badala yake nikaenda kwenye koili. Nikachomoa soketi ya magneti, nikaweka mita kwenye kipimo cha mlio, kile kinacholia umeme ukipata njia, ncha moja waya mweupe, nyingine kwenye chuma cha injini. Mita ikalia. Nikageuza kwenye omu, kipimo cha ukinzani, ikasoma 1.1. Nikamwambia kijana koili zimegusa bodi, zimeungua, lazima zibadilishwe.

Akaniuliza swali ambalo nalikumbuka neno kwa neno: "Fundi, sasa mbona taa kubwa inawaka vizuri tu? Usiku naona mpaka mbali."

Nikamjibu, "Hiyo ni taa, mdogo wangu. Chaji ni habari nyingine."

Akanyamaza, kwa sababu mimi ndiye fundi.

Jioni ile nikafungua mfuniko wa kushoto wa injini. Oili ikamwagika, gaskiti ikachanika kama zinavyochanika gaskiti zote zilizokaa miaka. Koili zikatoka. Hazikuwa na harufu ya kuungua. Vanishi yake ilikuwa ya kahawia iliyofifia, si nyeusi. Nililiona hilo nikalipuuza. Asubuhi yake nikatoka kwenda dukani na shilingi 30,000 za kijana.

Koili mpya mezani

Nina mazoea ya kupima spea ya umeme kabla ya kuifunga. Nikaiweka koili mpya mezani, ikiwa bado na mafuta ya kiwandani, nikagusa waya mweupe na chuma cha koili yenyewe. Mita ikalia.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba nimeuziwa mbovu. Nikarudi dukani, muuzaji akanitolea nyingine, nikaipima pale pale juu ya kaunta. Ikalia. Nikamwomba anitolee ya tatu. Ikalia pia, na zote tatu zilisoma namba ile ile.

Nikarudi kibandani nikakaa na koili ya zamani mkononi, nikaufuata waya wa shaba kwa kidole kutoka mwanzo wa mzunguko. Ncha yake ya mwisho ilikuwa imelehemiwa kwenye chuma cha koili. Imefanywa hivyo kiwandani, makusudi. Kwenye mfumo huu upande mmoja wa koili ni bodi tangu inazaliwa, na umeme unarudi kupitia chuma cha injini. Mita kulia kati ya waya mweupe na bodi ndiyo dalili ya uzima. Ingekuwa haikulia, hapo ndipo koili ingekuwa imekatika.

Nimejifunza kazi kwenye pikipiki zenye nyaya tatu za njano kutoka magneti. Kule koili hazigusi chuma hata kidogo, na ukisikia mita inalia kati ya njano na bodi, hukumu yake ni moja: imekufa. Kanuni hiyo ni sahihi kabisa kule. Niliibeba nikaja nayo kwenye mashine ambayo haikuumbwa hivyo.

Nikazigusanisha ncha za mita yangu zenyewe kwa zenyewe: 0.4. Huo ni ukinzani wa nyaya za mita, wala si wa koili. Ukiutoa kwenye 1.1 inabaki 0.7, ambayo ni afya njema kwa waya wa shaba mnene wa aina hii. Nikapima na wa njano: 0.4 baada ya kutoa. Ndogo kuliko mweupe, kama inavyopaswa kwa waya uliochomolewa katikati.

Kuifuata chaji hatua kwa hatua

Nikarudisha koili za zamani, gaskiti mpya na oili. Betri nikaichomoa na kuiweka kwenye chaja usiku kucha kwa ampea 0.7, yaani sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Hatua hii wengi wanairuka. Betri tupu inavuta volti za mfumo mzima chini, na ukipima ukiwa nayo huwezi kujua kama kinachokudanganya ni betri au njia ya chaji. Asubuhi, baada ya kupumzika saa mbili nje ya chaja, ilisoma 12.5. Haikufika 12.6, na sababu yake nitaieleza mbele.

Nikaanza mwanzo wa safari. Soketi ya magneti imechomolewa, mita kwenye AC, waya mweupe na bodi. Injini taratibu: 17. Resi ya kati: 52, ikipanda na kushuka kwa kufuata mkono wangu bila kusita. Koili nzima, sumaku nzima. Nikarudisha soketi.

Hatua ya pili, kutoka kwa regyuleta. Mita kwenye DC, waya mwekundu na wa kijani nyuma ya soketi, resi ya kati: 14.3. Fundi wa pili alipima hapa, akaona namba hii hii, na namba ilikuwa ya kweli.

Hatua ya tatu, vichwani mwa betri, resi ile ile: 12.6.

Volti 1.7 zilikuwa zimepotea kati ya regyuleta na betri, umbali wa chini ya mita moja. Sasa haikuwa tena swali la kifaa gani kimekufa. Lilikuwa swali la njia.

Ili kuujua upande unaokula volti, unaweka ncha za mita kwenye miisho miwili ya njia moja huku umeme ukipita ndani yake. Upande wa hasi kwanza: ncha moja kichwa hasi cha betri, nyingine waya wa kijani wa regyuleta. Mita ikasoma 0.2. Si nzuri sana, lakini si yenyewe. Upande wa chanya: kichwa chanya cha betri na waya mwekundu wa regyuleta. 1.5. Hesabu ikakamilika: 14.3, toa 1.5, toa 0.2, inabaki 12.6.

Nikasogeza ncha kidogo kidogo kuelekea betri. Kwenye soketi ya regyuleta hakuna kinachopotea. Kwenye maungio ya waya mkuu hakuna. Nilipofika kwenye fyuzi namba ikaruka yote. Kabla sijafungua chochote nikafanya jaribio moja zaidi: nikachukua waya wangu wa majaribio wenye fyuzi yake ndani, nikaunganisha waya mwekundu wa regyuleta na kichwa chanya cha betri, nikiruka njia ya zamani. Vichwani mwa betri mita ikapanda kutoka 12.6 hadi 13.7 pale pale. Nikautoa, ikashuka. Nikaurudisha, ikapanda. Kijana alikuwa amesimama pembeni akitazama namba.

Kilichokuwa ndani ya tepu nyeusi

Fyuzi ilikuwa imezungushiwa tepu nyeusi nyingi, na kwa nje ilionekana kazi safi. Nilipoimenya, kikombe cha plastiki cha fyuzi kilikuwa kimegeuka rangi ya chai na kulegea kwa joto. Fyuzi ya kioo ilikuwa imeungua zamani, na mtu aliizungushia nyuzi za waya wa shaba ili umeme upite. Nyuzi zilikuwa na kutu ya kijani, na vikombe viwili vya shaba vilivyoshika ncha za fyuzi vilikuwa vimefunikwa na unga ule ule. Tepu ilikuwa imefungia unyevu wa chumvi ndani badala ya kuuzuia usiingie. Nikatazama juu: keria, pembe ya kreti, na alama nyeupe ya chumvi iliyokauka ikishuka kwenye fremu mpaka juu ya sanduku la betri.

Nilipoukata waya ule mwekundu, shaba yake ndani ya mpira ilikuwa nyeusi. Maji ya chumvi yalikuwa yamefyonzwa na nyuzi kama utambi unavyofyonza mafuta ya taa. Shaba nyeusi haishiki lehemu, hata ukiipasha mpaka mpira uyeyuke. Nikaendelea kukata mpaka nikakutana na shaba inayong'aa, sentimita 12 kutoka kwenye fyuzi.

Marekebisho

Nikaweka waya mpya mnene kidogo kuliko wa zamani, kikasha kipya cha fyuzi bapa chenye mfuniko wa mpira, na fyuzi ya ampea 10. Maungio nikayabana, nikalehemu, nikavalisha mpira unaobana kwa joto, na tepu sikuitumia kabisa. Kikasha nikakihamishia chini ya tangi, mahali maji ya keria hayafiki. Upande wa hasi nikafungua nati inayoshikilia waya kwenye fremu, nikasugua rangi na kutu mpaka chuma cheupe, nikafunga na kupaka grisi juu. Chini ya makreti nikamkatia kijana kipande cha tyubu la gari kikakaa kama paa dogo, maji yakashukia nyuma ya mkia badala ya sanduku la betri.

Kulikuwa na chaja ya simu iliyounganishwa moja kwa moja kwenye betri, nayo nilidhani ina mkono. Niliipima: miliampea 15 ikiwa haina simu. Kwa pikipiki inayofanya kazi kila siku hicho si kitu cha kumaliza betri, ila ikilala wiki mbili bila kuwashwa kitaonekana. Nikaihamishia nyuma ya swichi, nikaacha hapo.

Matokeo

Vipimo vya mwisho, betri ile ile: injini taratibu 13.1, resi ya kati 14.1 huku taa ya breki imekanyagwa. Upotevu upande wa chanya 0.1, upande wa hasi 0.1. Stata ikazungusha mara moja.

Baada ya wiki tatu alipita, nikampima bure: 12.4 ikiwa imepumzika, stata inafanya kazi. Baada ya miezi miwili, hali ile ile. Betri haikurudi kwenye 12.6 na sitarajii irudi. Betri ya risasi na asidi ikikaa muda mrefu na chaji pungufu, sahani zake huota fuwele ngumu za salfeti ambazo chaja ya kawaida haiziyeyushi zote. Wiki tatu za njaa ziliipunguzia umri. Betri ya kabla yake, iliyotupwa kama feki, kwa maoni yangu ilikufa kifo hicho hicho. Ilikuwa nzima ilipotoka dukani.

Fedha za koili nilimrudishia zote 30,000, kwa kuwa duka halipokei vifaa vya umeme vilivyokwisha kutoka na hukumu ilikuwa yangu. Gaskiti na oili nilizibeba mimi. Alilipia waya, kikasha cha fyuzi na ufundi wa siku ya tatu tu. Hesabu za siku mbili alizopoteza sikuweza kuzirudisha.

Uchambuzi

Kipimo kimoja kilichofungua kisa hiki ni kile cha kuweka ncha mbili za mita kwenye njia moja wakati umeme unapita. Mafundi wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, tunapima waya kwa kuizima pikipiki, kuweka mita kwenye mlio, na kuridhika ikilia. Ningeipima fyuzi ile kwa njia hiyo ingelia vizuri kabisa. Mita inapopima omu inapitisha umeme mdogo mno, nao unapenya kwenye uzi mmoja wa shaba ulioshika kwa bahati. Chaji ya ampea mbili haipenyi hapo bila kuacha volti zake njiani kama joto, na plastiki iliyogeuka rangi ya chai ilikuwa ushahidi wa joto hilo. Waya upimwe ukiwa kazini.

Fundi wa pili alikosea mahali ambapo ni rahisi kukosea kuliko tunavyodhani. Alipima kitu sahihi mahali pasipo sahihi. Kwenye soketi ya regyuleta anajua tu kwamba regyuleta inatoa. Betri inajua kinachoifikia vichwani mwake tu. Angepima sehemu zote mbili, ile tofauti ya 1.7 ingemsimamisha, na 35,000 ya pili isingetoka. Pia regyuleta yenyewe inadanganyika katika hali kama hii: inasoma volti kwenye waya wake mwekundu, inaona 14.3, inaamini betri imeshiba, inaanza kuzuia. Kwa hiyo huwezi kuilazimisha chaji ipite kwa kupiga resi zaidi.

Kosa langu lilikuwa la aina nyingine, na naliona zito zaidi kwa sababu nilikuwa na mita, uzoefu na daftari. Sikujiuliza huu ni mfumo gani. Kuhesabu nyaya zinazotoka magneti na kuangalia rangi kunachukua dakika moja: tatu za njano zinazofanana, ni mfumo ambao koili haigusi bodi, mweupe na njano, yaelekea ni huu wa nusu wimbi ambao koili imezaliwa na bodi. Pia nilipima omu kabla ya volti. Kipimo cha AC kingeniambia koili inazalisha, bila kufungua hata bolti moja na bila tone la oili. Kwa koili za magneti, omu ni ushahidi wa pembeni. Volti injini ikiwa inazunguka ndizo ushahidi wenyewe. Siku hizi mfuniko wa kushoto siufungui kabla kipimo cha AC hakijaandikwa daftarini.

Halafu kuna swali la kijana. Taa kubwa ilikuwa inakula kwenye koili zile zile nilizosema zimeungua. Inawezekana kipande cha mwisho cha koili kikafa na cha katikati kikabaki, kwa hiyo taa kuwaka peke yake haithibitishi chaji. Lakini koili "iliyogusa bodi" jinsi nilivyoieleza mimi isingeweza kutoa mwanga wa kuona mbali usiku. Kijana hakujua waya mweupe wala wa njano. Alikuwa anaendesha pikipiki ile saa kumi na sita kwa siku, na aliona jambo lisilolingana na maneno yangu. Dalili nyingine alinipa baadaye, nilipokuwa nimeshajifunza kuuliza: honi ilikuwa dhaifu injini ikiwa imezimwa, na ikilia kwa nguvu mara tu injini inapowaka, wakati stata haina uhai. Honi iko upande wa regyuleta wa fyuzi, stata iko upande wa betri. Ukiuchora mfumo kwenye karatasi, maneno hayo mawili yanakuelekeza kwenye fyuzi kabla hujatoa mita mfukoni.

Kuhusu fyuzi iliyofungwa waya, nalisema kwa uchungu kwa sababu naliona kila wiki. Fyuzi ya shilingi mia chache ikiungua usiku mbali na mji, naelewa mtu anavyofunga waya ili afike nyumbani. Asubuhi yake iondolewe. Hapa ilizaa ukinzani ulioua betri, na siku nyingine, waya ukigusa fremu chini ya tangi la petroli, hakutakuwa na kitu cha kukata umeme.

Regyuleta ya zamani, ile iliyobadilishwa bila kupimwa, kijana alikuwa ameihifadhi nyumbani kwenye boksi la mpya. Aliileta ile wiki ya tatu, nikaifunga kwa dakika kumi kwa ajili ya kujua tu. Resi ya kati, vichwani mwa betri: 14.1.